Siku ya Kufua

Bibi yangu Zélie Perrinjaquet alifua nguo
kila Alhamisi, hata wiki ambayo hakukuwa na nguo chafu.
Moshi ulipopanda juu ya theluji
bonde zima la Travers lilijua: leo Zélie anafua,
na hakuna aliyeuliza mbona povu lake linanuka anisi.

Sheria ilimtangulia kuzaliwa kwa miaka kumi na mmoja.
Ilisema kinywaji kile kinatia watu wazimu.
Wenye mashamba ya mizabibu kule ziwani walipiga makofi:
muuza mkaa haombolezi jirani akikosa kuni.
Viwanda vikafungwa, mapipa yakamwagwa mtoni,
na wazee walisema trauti
waliogelea ubavuubavu hadi Jumapili.

Lakini pakanga haisomi magazeti.
Iliendelea kuota nyuma ya mabanda ya ng'ombe,
ya kijivu, chungu, haina haya.
Wanaume wakaenda kutengeneza saa.
Wanawake wakakiingiza kiwanda jikoni.

Sufuria ya shaba ya kufulia, pana kama hori.
Na bomba lililojisokota mizunguko saba,
ambalo siku za msako lililala kanisani, ndani ya kinanda,
kati ya mabomba mengine,
na mchungaji akaimba macho kayafumba.

Pakanga, shamari, anisi, mnanaa kiasi,
na kitu kimoja ambacho hakukitaja hata kwa binti zake.
Matone ya kwanza alimwaga: "Haya ya shetani."
Ya mwisho pia: "Haya ya serikali."
Ya katikati aliyauza kwa madebe ya maziwa,
na kweli, ukiyatilia maji baridi
yaligeuka maziwa, yenye kivuli cha buluu,
hivyo hata kiapo chake mahakamani
hakikuwa uongo mtupu.

Bwana Aeschlimann wa forodha alikuja na mbwa.
Bibi alikuwa amemwaga samadi bustani nzima.
"Samadi, Januari, juu ya theluji?"
"Ardhi nayo hula wakati wa baridi, bwana."
Mbwa alipiga chafya tatu, akalala mlangoni.
Mwaka uliofuata walikuja bila mbwa, wakaipata.
Faini alilipa kwa noti zilizonukia;
karani alizihesabu mara mbili, polepole, kwa pua.

Haya huwasimulia wageni, nao hucheka.
Siwasimulii habari za Numa.

Babu alitengeneza skrubu za saa,
ndogo kuliko jicho la siafu,
mia tatu kwa siku, uso umeganda kwenye lenzi.
Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka,
kidogo, kama mshale wa saa inayotaka kusimama.
Kazini wakamwambia apumzike.
Alipumzika jikoni, karibu na sufuria.
Bibi alipika zaidi kwa sababu mkono hauingizi kitu,
mkono ukatetemeka zaidi kwa sababu bibi anapika.
Nimehesabu kwenda mbele, nimehesabu kurudi nyuma,
hesabu haikai.

Jumapili moja mchungaji alihubiri juu ya nyota chungu
iliyoangukia theluthi ya mito.
Njiani bibi alisema neno moja tu:
"Theluthi."
Kama mtu anayeonea wivu nyumba ya jirani.

Yeye hakuwahi kuonja. Alipima kwa kunusa.

Redio ilipotangaza kwamba sasa ni ruhusa
alikuwa na miaka themanini na minne.
Kijana wa mji alimletea fomu ya leseni, na kalamu.
"Nilipie kufua?" aliuliza,
akaitumia fomu kuwashia moto.

Alhamisi ile moshi ulipanda tena.
Nilikimbia mteremko mzima, nimebeba chupa.
Ndani ya sufuria kulikuwa na shuka mbili
na shati la kazi la Numa, kola imelika.
Maji, sabuni, basi.
Nilisogeza pua.
Bibi alinitazama, mwiko mkononi.
"Haitoki," alisema. "Nimelifua mara ishirini."